Vipadri wa Korongo la Lyalalo

Kipadri ni mdudu asiyesikika kwa sikio tupu. Hata ukikaa kando ya mlanzi, ule mwanzi anamoishi, tangu umande mpaka jua la utosini, utasikia upepo, utasikia ndege, utasikia tumbo lako mwenyewe likinguruma, lakini yeye humsikii ng'o. Anaimba kwa kutikisa tumbo, na wimbo wake haupiti hewani. Unapita ndani ya shina, na mwenzake aliyekaa upande wa pili anaupokea kwa miguu. Ndiyo maana Gaudensia Mligo, mlinzi wa korongo la Lyalalo, alikuwa na sindano. Aliichomeka kwenye shina, akavuta waya wake mwembamba mpaka kwenye kidude cha sikioni, akafumba macho, akangoja.

Asubuhi ile alisikia madume machache. Trrr, kimya, trrr-trrr. Jike mmoja akajibu kivivu. Basi. Kilichokosekana ni ule mchakacho wa watoto, ambao majira kama hayo husikika shinani kama mchele unaopetwa nyumba ya jirani. Akachomoa sindano, akahamia mlanzi mwingine, kisha mwingine. Watoto hawakuwapo.

Alikuwa hajaingia korongoni tangu msiba wa mtoto wa mdogo wake uanze, na hata leo alikuwa ameinamia waya wake tu. Sasa ndipo alipoinua macho, akaona mbeta.

Zilikuwa zimening'inia kila mahali, vile vikombe vya mwanzi ambavyo wagema hufunga kwenye machipukizi ya mlanzi ili vikinge ulanzi, pombe ya mlanzi. Kila chipukizi lilikuwa limekatwa ncha na kukwanguliwa vizuri, kazi ya mtu anayejua: asubuhi unakwangua kidogo, jioni unakwangua kidogo, kinywaji kinaendelea kudondoka. Tabu ni kwamba kipadri jike naye hutaga mayai pale pale. Hutoboa ncha laini ya chipukizi, akayapachika chini ya ganda, akaenda zake. Mgema akipita na kisu chake asubuhi na jioni, kizazi kizima kinaanguka chini pamoja na makapi.

Ilimpasa apige kelele, na alilijua hilo. Mtu mwingine angetupa sindano, angeshika kichwa, angekaa chini kwenye matope. Gaudensia alijipapasa ndani kwa ndani kama mtu anayetafuta kiberiti mfukoni, asikute kitu. Akafungua mbeta moja, akachungulia.

Kipadri mmoja alikuwa amekaa kwenye mdomo wake. Hakuzidi punje ya mchele iliyokatika nusu. Alikuwa mweusi wa kung'aa, mpana kichwani na mwembamba mkiani, na shingoni amezungukwa na mstari mweupe, ule ule uliompa jina, maana wazee walipomwona waliona kola ya padri kabisa. Wataalamu walikuwa na jina lao refu la kuuma ulimi, na vijana wa chuo walimwita chawa-jani kama wanavyowaita ndugu zake wote, lakini Lyalalo hakuna aliyejali. Alikuwa amejipaka ule unga wake mweupe mabawani, nao humkinga asilowe kwenye ukungu. Gaudensia alipomsogelea, akafanya wafanyavyo wote: hakukimbia mbele wala nyuma, akaenda upande kama kaa, akajificha nyuma ya mbeta. Alipozidi kusogea, akaruka, akapotea.

"Kamwene, mwanangu!"

Mjomba Nolasko alikuwa anateremka na dumu begani, anapiga mluzi. Kaka wa marehemu mama yake, mtu wa maneno mengi, mgema tangu ujana wake. Alikuja kukusanya ulanzi wa asubuhi.

"Kamwene, Mjomba. Ni wewe uliyegema huku?"

"Sasa nani mwingine? Kuna kijana wa leo anayejua kukwangua chipukizi?" Akacheka, akaweka dumu chini. "Usiniambie hukuupenda. Nilikuona siku ya mazishi, ulikunywa mbeta nzima."

"Nilikunywa."

"Msiba wa kweli bila ulanzi, watu wangetusemaje? Nimezunguka kote, mwanangu. Kule kwetu milanzi yote ilishatoa maua ikafa, unajua mwenyewe. Imebaki hii yenu ya kufungiwa na uzio. Nikasema, Anjelo hazikwi kwa soda."

Alisema kweli. Milanzi ina tabia hiyo: inaishi miaka na miaka bila ua, kisha siku moja inachanua yote kwa pamoja, na ikishachanua inakufa. Ya nyanda zote za kusini ilikuwa imeshaondoka hivyo, na kipadri akaondoka nayo, kwa sababu hajui chakula kingine. Kiangazi hushuka akajificha kwenye nyasi za kivulini, lakini hapo hali wala hatagi, anangoja tu mvua. Korongo la Lyalalo peke yake lilikuwa bado halijachanua.

"Mjomba, hawa wadudu hutaga kwenye ncha."

"Ncha zipi?"

"Hizo ulizokwangua."

Mzee akatazama juu, akatazama chini kwenye makapi yaliyojaa miguuni pake. Mluzi ulikwisha. Akavua kofia yake ya sufu.

"Mungu wangu. Mwanangu, mbona hukuniambia? Ufunguo si ulinipa wewe? Nilikuambia kabisa, nipe ufunguo nikawatafutie wafiwa kinywaji. Ukaingiza mkono mfukoni ukanipa!"

"Ni kweli, nilikupa."

"Na ulikuwa unajua?"

Gaudensia alifikiri. Alitaka kumjibu sawasawa. "Nilikuwa najua. Ila kuna kitu humshika mtu mkono anapotaka kufanya kosa. Kaubaridi fulani tumboni. Mimi sikukapata."

Mzee akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akainama, akaanza kufungua mbeta moja moja.

*

Aliyekosa kaubaridi hako hakuwa Gaudensia peke yake. Nusu ya nchi ilikuwa hivyo, na chanzo chake ni huyo huyo mdudu.

Mlanzi si mjinga. Ukiutoboa, unajua, na haraka unaziba mishipa yake. Kipadri anapotaka kula, kwanza anatema mate, na mate hayo yanauambia mlanzi kwamba hakuna lililotokea. Mlanzi unatulia, unanyonywa, unaendelea kumea. Watu wa maabara walipoyachunguza mate yale wakaona yanaweza kumwambia binadamu vile vile. Wakatengeneza dawa, wakaiita tulizo. Tone moja chini ya ulimi, mara moja tu maishani. Hakuna unachosahau. Aliyekufa unajua amekufa, na jina lake na sura yake unazo. Ila hakuumi, wala hakuna kingine kitakachokuuma tena.

Jamani, ni nani angekataa? Waajiri waliipenda kuliko wote, maana mfiwa alizika asubuhi, mchana yuko kazini. Kuanua matanga kukawa jambo la vitabuni. Watu walisimama kaburini wakiongea habari za mbolea. Gaudensia alikunywa tone lake siku mumewe Vitus alipofariki, hapo hapo hospitali, nesi akimshikia kidevu. Alitoka nje, akapiga simu za taarifa kwa ndugu wote bila kukwama hata mara moja, na kila mtu akamsifu.

Kisha milanzi ikachanua, tulizo ikaadimika, ikakatika. Walijaribu kumfuga kipadri kwenye vizimba, wakampa miwa, wakampa mahindi. Aliyekubali kula alitoa mate kama maji ya bomba. Kwa hiyo Anjelo, mtoto wa Oliva, alipochukuliwa na maji ya bwawa akiwa anatafuta kaa, mama yake alikuwa mtu wa kwanza pale kijijini baada ya muda mrefu kufiwa kavu kavu. Alipopiga yowe, majirani walitoka nje wakatazamana. Hawakujua wafanye nini na mikono yao. Mjomba Nolasko peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba watu hukaa chini, hulala hapo, hupika, na kwamba lazima kuwe na ulanzi.

Oliva alikuwa mdogo wake Gaudensia, tumbo moja. Anjelo alikuwa mwanawe wa pekee, aliyemzaa na kumlea bila msaada wa mwanamume yeyote. Tangu mazishi alikuwa hajala. Kila walipogeuza macho, alitoka akaelekea bwawani, na kila mara wakamrudisha.

*

Gaudensia alimpigia simu Bwana Mwinuka, mkuu wa hifadhi, akamweleza.

"Kwa hiyo mayai yameisha," Mwinuka akasema.

"Yameisha."

"Ni hasara kubwa."

"Ndiyo, ni kubwa."

"Waliobaki ni wazima?"

"Wachache. Wanaimba."

"Basi wasiguswe. Mvua bado ipo. Machipukizi mengine yatatoka, majike watataga tena, tunaweza tukapona." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa. Naye alishakunywa tone lake zamani, kwa ajili ya mama yake. "Ukiwakamua mate, Gaudensia, ndio mwisho wa kipadri duniani. Nakwambia ili ujue."

"Nimejua."

"Haya, siku njema."

Alipokata simu alimkuta Mjomba Nolasko amekaa kwenye jiwe, dumu liko kati ya magoti yake.

"Hao waliobaki," mzee akasema bila kumtazama, "wanatosha dawa ya mtu mmoja?"

"Wanatosha. Labda."

"Wanakufa?"

"Wanakufa."

"Mtoto wa dada yangu anakufa, mimi nafikiria chawa wa majani." Akapangusa pua kwa kiganja. Mzee alikuwa hajawahi kuonja tulizo. Alikuwa analia waziwazi, bila haya. "Lakini usiniulize mimi, mwanangu. Mimi nimeshaua watoto wao kwa kisu changu. Nikisema ua na wakubwa, nitakuwa mtu gani?"

"Sasa nimuulize nani?"

"Ujiulize mwenyewe!"

Akajiuliza. Alikaa pale pale kwenye nyasi zenye unyevu akajiuliza kwa uaminifu wote. Watu wengine wakikwama, kuna sauti huwaambia. Yeye alikuwa kama redio isiyo na betri: vifundo vyote vipo, ukizungusha havileti neno. Akajaribu njia nyingine, akamtafuta Gaudensia wa zamani ili amuige. Alimkumbuka msichana aliyembeba Oliva mgongoni kwenda kliniki, mvua inanyesha, akimwimbia. Alimkumbuka pia msichana huyo huyo akilala kifudifudi kwenye korongo hili, kidevu chini, akishangaa vipadri wanavyozunguka shina wasionekane. Yote mawili yalikuwa kumbukumbu nzuri. Hakuna lililokuwa zito kuliko jingine, na hilo ndilo lililokuwa baya, ingawa ubaya wenyewe aliujua kwa akili tu.

Jirani akapiga simu. Oliva alikuwa ametolewa tena bwawani, safari hii maji yakiwa kifuani.

Gaudensia akasimama, akachukua wavu.

*

Kuwakamua vipadri si kazi ngumu. Unatikisa shina juu ya wavu, wanaruka, unawafunika. Unawaweka kwenye friji mpaka wapooze, wasirukeruke. Kisha unawapanga juu ya utando mwembamba uliotandazwa kwenye kisahani chenye maji ya sukari ya uvuguvugu. Wakipata joto wanaamka na njaa, wanachoma midomo yao kwenye utando wakidhani ni mlanzi, na kabla ya kunyonya wanatema. Unayakinga mate. Wao wanaendelea kutema na kutema, kwa sababu sukari ile haijibu kama mmea, mpaka wanakauka.

Alifanya yote hayo ofisini kwake, dirisha wazi. Alichomeka sindano kwenye ukingo wa kisahani, kwa mazoea tu. Madume walikuwa bado wanaimba wakiwa wamesimama kwenye utando. Trrr. Jike mmoja akajibu, kisha hakujibu tena. Gaudensia alisikiliza mpaka hapakuwa na cha kusikiliza, akavua kidude sikioni, akakikunja vizuri na waya wake, akakirudisha kwenye boksi.

Lilipatikana tone moja. Akalivuta kwenye kichupa, akafunga, akawafuta wale wadudu kwa kitambaa.

*

Oliva alikuwa kitandani, amefunikwa mablanketi, nywele bado zimelowa. Wanawake waliokuwa wanamlinda wakatoka walipomwona dada mtu, wamefarijika kupata nafasi ya kupumua. Walimwachia bakuli la uji kwenye stuli.

"Umekuja, dada."

"Nimekuja. Nimekuletea."

Oliva akatazama kichupa. Macho yalikuwa yamevimba mpaka yamekuwa madogo. "Mjomba alisema wako wachache. Umechukua wangapi?"

"Wote."

"Wote?" Akarudisha macho kichupani. "Nikinywa nitamsahau?"

"Hata kidogo. Utakumbuka kila kitu. Ila hutaumia."

"Kama wewe na shemeji."

"Kama mimi na Vitus."

Oliva akajiinua kwa kiwiko. Akapokea kichupa, akakishika kwenye kiganja, akakitazama muda. Gaudensia alisogeza kiti, akanyoosha pindo la shuka lililokuwa limejikunja.

"Niambie habari zake," Oliva akasema.

"Za nani?"

"Za shemeji. Kabla sijanywa. Unamkumbuka, si ndiyo? Nisimulie."

"Alikuwa mrefu," Gaudensia akasema. "Alipenda viazi vya kuchoma. Alikuwa anaendesha pikipiki. Aliniita Gau. Aliugua ini, akalazwa, akafariki asubuhi. Kabla hajafariki aliomba nimshike mkono. Nilimshika." Akamaliza pindo la upande ule, akahamia upande huu. "Kuna kingine unataka kujua?"

Oliva akaketi wima. Alikuwa amekodoa macho.

"Dada. Wewe ulitoroka kwa baba kwa ajili ya yule mwanamume. Ukisikia pikipiki yake barabarani ulikuwa unatimua mbio mpaka kandambili zinabaki njiani. Mimi ndiye niliyekuwa naziokota. Nilikuwa nakucheka!"

"Nazikumbuka kandambili. Zilikuwa za bluu."

Oliva akaziba mdomo kwa kiganja. Alimtazama dada yake kwa hofu, hofu ya kweli, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yao akakuta vyombo vyote vimehamishwa. Kisha akanyoosha mkono, akamrudishia kichupa.

"Niondolee hii."

"Oliva, hakuna wengine. Wamekwisha. Usipokunywa, watakuwa wamekufa bure."

"Basi wamekufa bure."

"Utarudi bwawani."

"Labda nitarudi. Sijui. Mnishike." Sauti ilikuwa inakatika. "Lakini sitamsema Anjelo kama mtu anayetoa taarifa polisi. Alikuwa mrefu, alipenda viazi! Heri niumie mpaka nizeeke. Chukua, dada, nakuomba, chukua kabla sijabadili nia."

Gaudensia akachukua. Alielewa alichokifanya, alikielewa chote, kuanzia ufunguo mpaka kitambaa. Korongo sasa lilikuwa tupu, halitaimba tena, na alichokipata kwa bei hiyo kilikuwa mkononi mwake hakina wa kukinywa. Alijua kwamba mtu mwingine angeanguka sakafuni. Akasimama tu wima, akisubiri aambiwe la kufanya.

"Nipe huo uji," Oliva akasema.

"Unataka kula?"

"Nina njaa, na mwenye njaa halii vizuri. Sauti haitoki." Akapokea bakuli kwa mikono miwili, akanywa mafundo kadhaa, akakohoa, akanywa tena. "Ulimlilia shemeji?"

"Sikumlilia."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Nilishakunywa."

"Na mama yake alishakufa. Na ndugu zake wote walikunywa." Oliva alikuwa anahesabu kichwani, na kila alipofika mwisho alikosa mtu. "Kwa hiyo yule kaka wa watu amelala kule chini, hakuna hata mmoja aliyemlilia."

Gaudensia alifikiri. "Hakuna."

Oliva akaweka bakuli chini. Akavuta blanketi mabegani, akapiga kitanda kwa kiganja, pale kando yake.

"Kaa hapa. Nikimaliza wangu nitamlilia na wako."

Gaudensia akakaa. Oliva akaanza na Anjelo, taratibu, akimwita kwa majina yote ya kumdekeza, mpaka pumzi ikamwishia akajiegemeza begani kwa dada yake. Akapumzika kidogo. Kisha akafungua kinywa akalia upya, kwa sauti iliyotoka chini kabisa: shemeji wee, Vitus wee, mbona umemwacha dada yangu, nani atamwita Gau, pikipiki yako haisikiki, shemeji wee. Gaudensia alimshika ili asianguke. Alisikiliza kila neno kwa makini, macho makavu.

Wanawake waliokuwa nje wakaja mbio, wakasimama mlangoni wamepigwa na butwaa. Jina walilolisikia halikuwa la mtoto.

"Jamani, kulikoni?" mmoja akauliza. "Nani tena amefariki?"

"Mume wangu," Gaudensia akawajibu.